Risasi za Nyoka za Eldon Teague

Siku ya tatu baada ya kifo cha Clete Barfield, Mpelelezi Nadine Orozco alikuwa amepiga magoti ndani ya kibanda cha pampu, akichekecha mchanga kwa chekeche la unga alilotoka nalo jikoni kwake.

Alianza saa moja asubuhi, kabla mabati hayajapata moto. Alifagia vumbi lote la pembeni, penye ufa kati ya sakafu ya zege na ukuta, akalimimina kwenye chekeche kikombe kimoja kimoja. Alipata mende wakavu, misumari na kifungo cha shati. Marisau, zile punje ndogo za risasi, hayakuwemo.

Naibu Purvis Yandell aliegemea mlango, kikombe cha kahawa mkononi.

"Umepata dhahabu?"

"Natafuta marisau. Njoo unishikie tochi."

"Magoti yangu yamebakiza miezi minne yastaafu. Siwezi kuyatumia ovyo."

"Basi tumia mikono. Shika hii."

Purvis akashika tochi. Alikuwa mtu mzima, mnene, asiye na haraka, na ndiye aliyemkamata Eldon Teague Jumanne jioni. Kesi yenyewe ilionekana nyepesi, na wepesi wake ndio uliomleta Nadine hapa na chekeche la unga.

Eldon Teague na Clete Barfield walikuwa wajane wawili, nyumba zao zikitazamana ng'ambo ya korongo, na hakuna nyumba ya tatu mpaka uende maili kumi na moja kuelekea mji wa Salitre. Walichimba kisima kimoja mpakani, wakajenga kibanda kimoja juu yake, na nje ya ukuta wa magharibi wakagawa bomba: koki moja ya Eldon, koki moja ya Clete, zote ndani ya sanduku la chuma lililofukiwa ardhini. Oktoba iliyopita birika la ng'ombe la Eldon lilifurika wiki nzima bila yeye kujua, kisima kikakauka siku mbili, na Clete akatia kufuli koki ya Eldon. Tangu hapo hawakupeana hata salamu. Eldon akawa anachota maji kwa ndoo kwenye bomba dogo lililomo kibandani.

Jumanne saa nne asubuhi Eldon aliingia kibandani na ndoo zake. Kwa maelezo yake, alimkuta nyoka wa njuga amejikunja juu ya zege, akachomoa bastola, akafyatua mara moja kwa risasi ya nyoka, akamkosa. Nyoka akapenya chini ya bomba. Eldon akaacha ndoo, akaenda zake mjini kununua chakula cha kuku. Saa nane mchana mpeleka barua alimkuta Clete nyuma ya kibanda, kifudifudi, na tundu la risasi chini ya shingo.

Hapo ndipo maelezo ya Eldon yalipovunjika. Risasi ya nyoka haitoboi bati. Ni ganda la kawaida lililojazwa marisau madogo kuliko mbegu za mchicha. Hatua tatu kutoka kwako linasaga kichwa cha nyoka. Hatua kumi halitoboi hata katoni ya maziwa. Kwenye ukuta wa magharibi palikuwa na tundu moja la mviringo, upana wa kidole, kingo zake zimebenukia nje.

"Hakuna marisau," alisema Nadine, akisimama na kujipangusa magoti. "Hata moja. Alipiga risasi ya kichwa, ile ya kipande kimoja."

"Si ndivyo tulivyosema toka Jumanne?"

"Mlisema. Hamkuchekecha."

"Sasa umechekecha, tumefika palepale. Twende tukale."

Nadine alikuwa akitazama sakafu. Palipofagiliwa vumbi, karibu na ukuta, paliachwa mstari mfupi wa kijivu juu ya zege, kama mtu aliyevuta penseli ya mbao na kuikandamiza. Alilowesha kidole, akaupitisha. Kidole kikatoka cheusi. Ilikuwa risasi, madini yenyewe. Mwanzoni mwa mstari zege lilikuwa limebanduka.

Akatoa uzi mkobani mwake. Ncha moja aliikandamiza kwenye mkwaruzo, nyingine akaipitisha kwenye tundu la bati.

"Purvis, zunguka nje. Lala pale alipolala Clete."

"Palipofia mtu?"

"Huwezi kuambukizwa. Kifudifudi. Mkono wa kulia ndani ya sanduku la koki, kama alivyokutwa."

Purvis alilalamika njia nzima, lakini alilala. Nadine akatoka na uzi, akauvuta ukanyooka. Tundu lilikuwa shubiri moja na nusu kutoka ardhini. Uzi ukapita, ukagusa kola ya Purvis.

"Unanitekenya."

"Umekufa, tulia." Alipima, akaandika. "Daktari alisema nini kuhusu kile kichwa cha risasi?"

"Kimebonyea upande mmoja. Maabara hawawezi hata kusema kimetoka mtutu gani."

"Mtu akitaka kumpiga mwenzake nyuma ya ukuta, hapigi sakafu kwanza. Yule mzee alilenga chini."

"Au alifyatua ovyo kwa hasira. Amemwona Clete anachezea koki, damu ikamchemka." Purvis aliinuka nusu, akaketi mchangani. "Halafu, kama alilenga nyoka, kwa nini anatuambia alitumia risasi ya nyoka? Mbona anadanganya?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Nadine alichungulia ndani ya sanduku. Kufuli lililokutwa mfukoni mwa Clete lilikuwa wazi, funguo ndani yake; Sherifu alisema alikuja kulibadilisha. Nadine alishika koki ya Eldon, akaizungusha kidogo. Haikuwa imefungwa. Ilikuwa imefunguliwa nusu.

Simu ikalia. Alikuwa Sherifu Boyd Lassiter.

"Nadine, mwendesha mashtaka anazitaka karatasi za Teague saa kumi jioni. Mauaji ya kukusudia. Nimekwambia mapema ili usije ukanilaumu."

"Nipe mpaka saa kumi hiyohiyo."

"Kufanya nini? Tuna bastola, tuna ugomvi, tuna mwongo."

"Tuna mtu wa miaka sabini na tatu. Ukizipeleka hizo karatasi, atafia jela. Nipe muda wangu wote."

"Saa kumi," alisema Sherifu, akakata.

*

Eldon Teague aliletwa chumba cha mahojiano bila kofia. Paji la uso wake lilikuwa jeupe kama la mtoto. Chini ya mstari wa kofia ngozi ilikuwa ya udongo. Mikono yake ilikuwa ya fundi wa pampu, mikubwa, kidole kimoja hakina kucha.

"Umelala, mzee?"

"Kitanda chenu kigumu, lakini maji yanatoka bombani. Nimeoga mara mbili. Tangu Oktoba sijaoga namna hiyo."

"Tuanze tena."

"Binti, nimeshaeleza mara nne. Hata nikieleza ya tano, hatatokea nyoka mwingine."

"Leo sitaki nyoka. Nataka risasi. Zinatengenezwaje?"

Mzee alimtazama kuona kama anachezewa. Kisha akavuta kiti karibu na meza, na kwa mara ya kwanza tangu akamatwe sauti yake ikapata nguvu.

"Unachukua ganda lililokwishapigwa, unalisafisha. Unatia fataki mpya kitakoni. Baruti unaipima kwa mizani, si kwa jicho, wala si huku unaongea. Juu yake kizibo cha kadi. Vizibo tulikata kwenye katoni za maziwa, kwa kitoboleo. Halafu marisau, yale madogo kabisa, unayamimina kama chumvi. Kizibo kingine juu. Halafu unakunja mdomo wa ganda, unapaka rangi ya kucha kuziba."

"Rangi ya kucha."

"Ya Wilma. Mke wangu aliacha chupa tisa, zote nyekundu. Juu unaziba, chini kitakoni unatia tone, ili usichanganye na za kawaida. Clete alinicheka mwaka mzima. Ananiambia, 'Eldon, umeanza na risasi, kesho utapaka midomo.'"

"Mlikuwa mnatengeneza pamoja?"

"Kila Jumamosi asubuhi, kwenye meza yake. Mashine ni yake. Dukani zinauzwa, lakini za dukani zinatawanyika vibaya. Zetu ukipiga karatasi ya gazeti, hatua tatu, unapata duara kama sahani. Hakuna pengo hata nyoka apitishe ulimi. Tulikuwa tukiandika tarehe kwenye sahani hizo, tunabandika ukutani. Watu wengine wanabandika watoto."

Nadine alimsogezea karatasi. "Bastola yako ilikuwa na risasi sita. Ulizipanga vipi?"

"Mbili za nyoka mbele, nne za kawaida nyuma yake. Nyoka anakushtukiza. Mwizi na mbweha wanakupa nafasi ya kufikiri."

"Ukapiga moja."

"Moja."

"Ya nyoka."

"Ndiyo hiyo ya mbele! Ungepiga ipi?"

"Basi ibaki moja ya nyoka na nne za kawaida. Naibu Yandell alipoimwaga silinda alikuta mbili za nyoka, tatu za kawaida, na ganda moja tupu lisilo na tone jekundu."

"Haiwezekani."

"Ziko kwenye mfuko. Nimezihesabu mwenyewe."

"Basi huyo Yandell amechanganya, hata kufunga kamba za viatu hawezi." Mzee alipiga meza kwa kiganja. "Mimi nina makosa mengi. Nilimtukana Clete mbele ya watu pale kwenye duka la chakula cha mifugo, ni kweli. Nilisema natamani kisima kimmeze. Lakini mimi si mwongo. Nilipiga marisau. Aliyempiga Clete ni mtu mwingine. Tangu wiki iliyopita kuna watu wanawinda mbweha kule bondeni. Mmewatafuta?"

"Nimewapata jana. Siku ya Jumanne walikuwa Arizona. Wana risiti na picha."

Eldon akapangusa kile kidole kisicho na kucha.

"Inawezekana risasi moja ikatengenezwa vibaya?" aliuliza Nadine. "Tone jekundu limesahaulika, kichwa kimewekwa badala ya marisau?"

"Kwenye meza ya Clete? Mtu anayepima mara mbili mpaka kahawa yake?" Aliutikisa mkono. "Hapana. Mwiteni mnavyotaka, lakini kwa hilo hapana."

Ajabu, alimtetea marehemu kwa jambo ambalo lingemwokoa yeye.

"Bastola yenyewe uliipata lini?"

"Wiki tatu zilizopita. Mnada wa vitu vya marehemu Dooley Crain."

"Na kabla yake?"

"Nilikuwa na ya Clete. Aliniazima mwaka ambao nyoka alimuua mbwa wangu. Miaka ishirini na miwili. Oktoba akaja mlangoni, hata kofia hakuvua, akasema, 'Nataka kitu changu.' Nikampa. Majira ya baridi nyoka wamelala, sikujali. Wakaamka, nikaenda mnadani."

"Ulishaifyatua hiyo ya mnada kabla ya Jumanne?"

"Kwa risasi zipi? Nilibakiwa na kisanduku kimoja, na mashine iko kwa mtu tusiyeongea naye. Siwezi kuzichezea."

Nadine alifunga daftari.

"Nikamalize kazi," alisema. "Utaletewa maharage na mkate wa mahindi. Kula."

*

Nyumba ya Clete Barfield ilikuwa wazi kwa upepo, si kwa watu. Juu ya sinki palikuwa na kikombe kimoja, sahani moja na uma mmoja, vimeoshwa, vimekauka. Kalenda ilikuwa imepigwa msalaba mpaka Jumatatu.

Meza ya risasi ilikuwa chumba cha nyuma, chini ya dirisha. Nadine alitarajia fujo ya wanaume. Alikuta usafi wa duka la dawa. Mashine ya kushindilia ilikuwa imefunikwa taulo. Mizani ndogo ilikuwa kwenye sanduku lake. Magazeti yaliyotobolewa duara yalijaa ukuta mzima, kila moja na tarehe, herufi C au herufi E. Viti virefu vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa kinang'aa kwa kukaliwa. Juu ya kingine vumbi lilikuwa limelala, halijaguswa.

Alianza na dhana ya risasi iliyotengenezwa vibaya. Kutoka kwenye mfuko wa vielelezo alitoa risasi tano za Eldon. Alipima mbili nyekundu, uzito sawasawa. Alipima tatu za kawaida. Sawasawa, tofauti kabisa na nyekundu. Akalinganisha na visanduku vya Clete. Kisha akafungua kizibo cha nyekundu moja kwa ncha ya kisu, akamimina kwenye sahani. Marisau yalitiririka, meusi, mepesi. Meza hii haikukosea. Mzee alikuwa sahihi.

Daftari la kazi lilikuwa droo ya juu. Kurasa zilikuwa na miandiko miwili, mmoja mkubwa ulioinama, mmoja mdogo kama wa karani, ukipokezana. Kuanzia Oktoba ulibaki mdogo peke yake. Lakini kila Jumamosi uliandika vilevile: visanduku viwili.

Nadine akafungua kabati. Rafu ya juu ilikuwa na visanduku vilivyoanza kutumika. Rafu ya chini ilikuwa na visanduku kama thelathini, havijafunguliwa, kila kimoja na kipande cha utepe wa karatasi na herufi E.

Alifunga kabati.

Bastola ya Clete ilikuwa kwenye ala yake, ikining'inia msumarini. Ilikuwa imechakaa mahali pa kushikia, alama za mikono ya watu wawili kwa miaka mingi. Nadine akaelekeza mtutu dirishani, akafungua silinda. Risasi sita zilikuwemo. Mbili zilikuwa na tone jekundu, zimefuatana, kuanzia tundu la kulia kwa lile la juu. Basi hata Clete alipanga hivyohivyo. Alizitoa zote, akahesabu mara mbili, akaweka sita mezani. Akafunga silinda tupu, akavuta nyundo polepole kwa kidole gumba.

Silinda ikazunguka kushoto. Tundu la kulia likapanda juu, likakaa usawa na mtutu.

Aliitazama muda mrefu. Kisha akatoa simu.

"Purvis, nenda chumba cha vielelezo, toa bastola ya Teague."

"Ndiyo kwanza nimekaa."

"Simama."

Alisikia kiti kikilia, funguo, mlango, pumzi za Purvis.

"Ninayo."

"Fungua uhakikishe iko tupu. Ifunge. Vuta nyundo taratibu. Silinda inaenda upande gani?"

"Inazunguka tu, kama silinda zote."

"Kulia au kushoto, Purvis."

Kitu kikalia *tak*.

"Kulia. Kwani vipi?"

"Usimwambie mtu, na usiirudishe. Nakuja."

Kabla ya kutoka alichukua maganda kumi na mawili matupu kutoka kopo la Clete na chupa ya rangi ya kucha iliyokuwa dirishani. Jikoni alichukua kipande cha sabuni ya kufulia.

*

Saa tisa na nusu, Sherifu Lassiter alisimama pembeni mwa chumba cha mahojiano, karatasi za mashtaka zimekunjwa mfuko wa koti, uso wake wa mtu aliyeombwa kutazama mazingaombwe.

"Unataka kumpa mshtakiwa bastola," alisema.

"Mbili. Tupu. Purvis amekagua, mimi nimekagua, na wewe kagua."

Alikagua. Mezani palikuwa na bastola ya Clete, bastola ya mnada, na maganda kumi na mawili yasiyo na baruti. Nadine aliziba vitako vyote kwa sabuni, akavilainisha kwa kidole. Manne aliyatia tone jekundu.

"Mzee Teague, hii unaijua."

Eldon aliichukua bastola ya Clete. Kidole chake gumba kilienda chenyewe kwenye kovu la mpini.

"Ijaze kama unavyoijaza siku zote. Usifikiri."

Mikono ilifanya kazi bila macho kuitazama. Nyekundu, nyekundu, kisha nne. Silinda ikafungwa.

"Elekeza ukutani. Fyatua mara moja."

*Tak.*

"Fungua."

Nadine aliyamwaga maganda kwenye taulo nyeupe. Kwenye moja ya yale mekundu, ncha ya nyundo ilikuwa imeacha kitobo katikati ya sabuni. Mengine yalikuwa laini.

"Ya nyoka," alisema Eldon. "Nimewaambia nini?"

"Sasa hii. Vilevile."

Akachukua bastola ya mnada. Nyekundu, nyekundu, kisha nne. Matundu yaleyale, mkono uleule. Akafunga, akaelekeza, akafyatua. Nadine akamwaga.

Yale mawili mekundu yalikuwa laini. Kitobo kilikuwa kwenye sabuni ya ganda la kawaida.

Sherifu alisogea kutoka ukutani.

"Rudia," alisema.

Eldon akarudia. Kitobo kwenye la kawaida. Akarudia mara ya tatu bila kuambiwa, polepole, sasa akiangalia. Alivuta nyundo nusu, akaona tundu la kushoto likipanda juu, na yale mawili mekundu yakiteremka upande wa pili, yakienda mbali na mtutu.

Akaiweka mezani.

"Inazunguka kinyume," alisema.

"Inazunguka kinyume," alisema Nadine. "Waliotengeneza bastola hizi hawakukubaliana. Ya Clete inakwenda kushoto, hii inakwenda kulia. Umeweka za nyoka pale mkono wako ulipozoea kwa miaka ishirini na miwili. Kwenye hii, pale si mbele. Zingekuja ya nne na ya tano."

"Kwa hiyo ile niliyopiga..."

"Ilikuwa risasi ya kichwa. Ulilenga nyoka juu ya sakafu. Mkwaruzo uko kwenye zege, nimeupima. Ikateleza, ikatoboa bati chini kabisa. Mtu aliyesimama isingemgusa. Aliyekuwa amelala ilimpata."

Eldon aliyatazama maganda kwenye taulo. Alilichukua lenye kitobo, akalisimamisha, likaanguka. Akalisimamisha tena.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni wewe."

Sherifu alikohoa. "Hakuna aliyesema ulikusudia, Eldon."

"Wewe ulisema. Tangu Jumanne." Hakumtazama. "Usiku nilikuwa nawaza nitakavyomkamata aliyemuua. Nilikuwa na mpango kabisa." Akageukia Nadine. "Pampu ilikuwa inaunguruma. Ile dizeli huwezi kusikia hata mtu akikuita sikioni. Alipiga kelele?"

"Daktari anasema hakupata muda."

"Alikuwa anafanya nini pale chini?"

Nadine angeweza kusema hajui. Alikaa kwenye kiti cha mbele yake.

"Mkono wake ulikuwa kwenye koki yako. Kufuli alishalitoa, alilitia mfukoni. Koki ameifungua nusu. Haikuwa imebaki mizunguko mingi."

Mzee aliitika kwa kichwa, mara moja, kama mtu anayepokea maelekezo ya njia. Kisha akaitika tena. Nje, mtu alikuwa akicheka na mpokea simu.

Sherifu alitoa karatasi za mashtaka, akazikunja mara nyingine, akazirudisha mfukoni ambako zilitoka.

"Nitampigia mwendesha mashtaka. Itaandikwa ajali. Purvis, mtoe. Mpe kofia yake."

Alitoka haraka. Purvis akaleta kofia, mkanda, na fomu ya kuachiliwa. Akalamba kidole, akafunua ukurasa.

"Pikapu yako bado iko kwenye yadi ya serikali, mzee, haitoki mpaka Jumatatu. Lazima niandike mtu wa kuja kukuchukua. Nipe jina na namba ya simu."

"Namba ninayo kichwani," alisema Eldon, akivaa mkanda. "Tano, saba, tano. Tano, tano, tano. Sifuri, moja..."

Purvis aliandika. Nadine, aliyekuwa akikusanya maganda, akasimama. Namba hiyo aliiona asubuhi hiyo, kwenye jalada, juu ya jina la marehemu.

Eldon naye alisimama, ulimi wa mkanda haujafika tundu lake.

"Sifuri, moja, halafu?" aliuliza Purvis, kalamu hewani.

Mzee aliketi tena kwenye kiti kilekile, kofia juu ya magoti, akaanza kufikiria jina la mtu mwingine. Walimngoja. Alifikiri kwa bidii, midomo ikisogea, kama mtu anayepitia orodha ndefu.